Posa imetoka kijiji cha Ufaransa, utajuaje kwao wapi

Kwetu Mji wa Kale posa ikija wazee hawaulizi kwanza kijana ana kazi gani, wanauliza "kwao wapi?" Sasa binamu yangu akaposwa na kijana wa kijiji kimoja cha Ufaransa, kidogo mpaka uvute ramani vidole vichoke ndo ukione, na kwa vile mimi nlisoma Kifaransa skuli nkatumwa nilete habari. Nlihangaika wiki mbili, kumbe ukijua njia ni kazi ya jioni moja na bando la kawaida tu.

Anza na namba ya INSEE, hao ndo watu wa takwimu wa kule. Kila kijiji, hata cha watu hamsini, ni commune yenye meya wake na ofisi yake inaitwa mairie, mpango walioanza nao Disemba 1789 na mpaka leo ziko kama 35,000 hivi. Majina yanajirudia, kina Saint-Martin wametapakaa kila pembe, kwa hivyo jina peke yake halikufikishi popote. Namba yenyewe ina tarakimu 5, na usiichanganye na namba ya posta manake vijiji kadhaa vinaweza kutumia posta moja, mimi nliichanganya nkasoma historia ya kijiji cha watu siku mbili nzima, walahi.

Ukishaipata ingia saiti ya Cassini ya chuo cha EHESS, utafute kijiji chako, utaona idadi ya watu sensa kwa sensa tangu enzi za mapinduzi ya Ufaransa. Za karibuni chukua INSEE wenyewe.

Hapa ndo watu wanakosea, wanaruka kwenye namba ya mwisho wanaondoka. Soma safu nzima, uweke alama kila inapoanguka, halafu ndo utafute sababu. Vijiji vingi vya wakulima vilijaa katikati ya karne ya 19 kisha vijana wakafuata viwanda na reli mijini, yaani kama watu walivyoacha bara wakaja kutafuta kibarua bandarini kwetu. Ukitoka 1911 kuja 1921 utaona shimo tena, vita vya kwanza hivyo, hata sensa ya 1916 haikufanywa. Tafuta picha ya monument aux morts ya hapo kijijini, ule mnara wa waliokufa vitani, usome majina, ukiona ukoo mmoja umejirudia mara tatu nne jua ni nyumba gani ililia. Na kuna vilivyokwisha kabisa, karibu na Verdun ziko commune 6, Fleury-devant-Douaumont mojawapo, zilisagwa na mizinga 1916, wakaaji sifuri, na mpaka leo hazijafutwa kwenye orodha. Babu nlipomwambia hiyo aliweka kikombe chini.

Namba ikipanda ghafla usifurahie uzazi, mara nyingi vijiji viwili vimeunganishwa. Na sensa yao si kama yetu ya 2019 tuliohesabiwa nchi nzima kwa mpigo mmoja, tangu 2004 commune za chini ya watu 10,000 zinahesabiwa kwa zamu kila miaka 5. Ukikuta namba mbili za mwaka mmoja shika ile ya population municipale, yaani wakaaji wa hapo hasa, hiyo nyengine imeongeza watu kama wanafunzi wanaohesabiwa pia kwengine.

Ya ukoo sasa, nenda Archives départementales za eneo hilo, yaani hifadhi ya nyaraka za mkoa, nyingi zimeweka vitabu vya vizazi, ndoa na vifo kwenye intaneti bure. Serikali ilianza kuandika 1792, kabla ya hapo ni vitabu vya kanisa. Vizazi na ndoa vinafichwa miaka 75, kwa hivyo bwana harusi mwenyewe humpati, utampata babu wa babuye. Ukikutana na mwezi unaitwa Brumaire usidhani umekosea kusoma, ni kalenda yao ya mapinduzi, tafuta kigeuzi cha tarehe.

Ukikwama andikia mairie imeili, uanze na Madame, Monsieur kwa adabu, halafu usubiri, ofisi za vijijini zinafunguliwa masaa machache tu kwa wiki.

Nlimsomea babu yote hayo, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na Waislamu wangapi hapo?" Ikabidi nimwambie sensa ya Ufaransa haijauliza dini tangu 1872.