Kikaragosi na kibiongo: namna ya kusoma fungu la kwanza la Benjamin

Mafungu ya Walter Benjamin, mwanafalsafa Myahudi wa Ujerumani, juu ya dhana ya historia yaliandikwa mapema mwaka 1940, miezi michache baada ya Hitler na Stalin kutiliana mkataba. Yako 18, na mawili ya nyongeza, A na B. Wengi hukimbilia la 9, la malaika. Wewe anza la kwanza, na penseli mkononi.

Chora meza yenye ubao wa sataranji na kikaragosi kilichovaa Kituruki, mdomoni kiko cha maji. Vioo humfanya mtazamaji adhani chini ya meza hamna kitu; mle mchore mbilikimo mwenye kibiongo, bingwa wa mchezo, akiuongoza mkono wa kikaragosi kwa kamba.

Sasa andika majina. Kikaragosi ni "uyakinifu wa kihistoria", yaani nadharia ya Marx kwamba historia huendeshwa na uchumi na mapambano ya kitabaka; kibiongo ni teolojia. Alama za kunukuu usizifute: Benjamin mwenyewe ameziweka kwa kikaragosi tu. Anausema ule uyakinifu wa vyama vya kisoshalisti, uliodhani ushindi unakuja wenyewe. Fungu la 11 linaeleza jinsi wafanyakazi wa Ujerumani walivyoharibiwa na imani kwamba mkondo unawabeba.

Panapowakwamisha wasomaji ni hapa: bwana ni nani? Kwenye picha, mvuta kamba ni kibiongo. Kwenye sentensi ya mwisho ya fungu hilo, kikaragosi ndicho kinachomtumikisha kibiongo. Ukishika picha peke yake, unapata mhubiri aliyevaa joho la Marx. Ukishika sentensi peke yake, teolojia inabaki pambo. Viache vyote viwili vivutane.

Kisha nenda la 2, utafute "nguvu hafifu ya kimasihi", yaani ya kukomboa, ambayo kila kizazi kimepewa. Hilo "hafifu" limekaziwa makusudi. Nguvu yenyewe inadaiwa na waliotutangulia, na fungu la 6 linaonya kwamba adui akishinda, hata wafu hawatasalimika. Mwaka 1937 mwanafalsafa mwenzake, Max Horkheimer, alikuwa amemwandikia Benjamin kwamba waliouawa wameuawa kweli, basi. Kazi ya kibiongo ni kukataa jalada hilo la waliouawa lifungwe.

Mwisho kagua maelezo yako kwa fungu B, linalokumbusha kwamba Wayahudi walikatazwa kupiga ramli juu ya yajayo. Kama umemweka Masihi mwisho wa historia kama kituo cha mwisho cha treni, futa, urudi kwenye mchoro.