Kununua kombaini ya mpunga iliyotumika kwa fedha kidogo: ijaribu ikiwa imechemka

Msimu huu nilimsindikiza shemeji yangu wa Ubaruku kuangalia kombaini tatu. Tulirudi na moja, na mbili tulizoziacha ndizo zilizokuwa na rangi nzuri zaidi. Nazungumzia kombaini ndogo za cheni za mpira, Kubota DC-70 na zinazofanana nayo, kwa sababu ndizo zinazoingia kwenye majaruba yetu ya Mbarali yenye tope. Kombaini kubwa ya matairi iliyozoea ngano ya Hanang ikiingia hapa itazama.

Hatua ya 1: Gawa fedha. Ulizonazo zifanye mafungu matatu. Mawili ni ya mashine. La tatu usiliguse: ni la mikanda, beringi, visu, oili na Fuso ya kuibeba, kwa kuwa mashine ya cheni haitembezwi kilomita nyingi juu ya lami. Ukimaliza fedha yote kwa muuzaji, mpunga utaiva nawe huna hata hela ya mkanda.

Hatua ya 2: Chagua aina ambayo spea zake ziko karibu. Beringi ikivunjika saa nane mchana, uipate Igurusi, Chimala au Mbeya mjini siku hiyohiyo. Mashine ambayo spea zake ni za kuagiza nje siitaki hata kwa nusu bei. Na ukiweza, nunua kwa mkulima anayeitumia kuliko kwa dalali.

Hatua ya 3: Ikague ikiwa baridi. Nenda asubuhi na mapema na fundi wako, umlipe posho ya siku, si asilimia ya mauzo. Kabla ya salamu kuisha, gusa injini. Ikiwa ya moto, kuna mtu ameiwasha kabla yako ili usione inavyosumbua kuwaka. Ikishawaka, legeza kifuniko cha kutilia oili: kikirukaruka na moshi ukatoka kwa kusukumwa, ringi za pistoni zimekwisha. Izime, funguo ikae mfukoni mwako, ndipo uingize mkono ndani. Pitisha kidole polepole kwenye ukingo wa parafujo za kusukumia mpunga. Ukingo ukiwa umeliwa hadi kuwa mwembamba kama wembe, hiyo mashine imevuna sana, hata kama mita ya saa inasema vingine. Mita hubadilishwa, parafujo haidanganyi. Kwenye cheni, tafuta mahali mpira ulipopasuka na nyaya za ndani zikaonekana.

Hatua ya 4: Ifanyishe kazi saa nzima. Hapa ndipo nilipopoteza fedha, kwa hiyo nivumilie.

Mashine yangu ya kwanza niliijaribu uani kwa dakika kumi. Ilikwenda mbele, ikarudi nyuma, ikageuka vizuri, nikalipa. Siku ya kwanza shambani ilivuna vizuri kama dakika arobaini, kisha ikaanza kuchoka. Injini inanguruma kwa nguvu zake zote, lakini cheni hazisogei. Tukiiacha ipoe, inatembea tena. Ikichemka, inasimama palepale. Siku mbili fundi alihangaika na injini, na injini haikuwa na kosa.

Tatizo lilikuwa pampu ya mwendo, ile ambayo mafundi huiita HST. Hizi mashine hutembezwa kwa presha ya oili. Oili ikiwa baridi ni nzito, hivyo hata pampu iliyochakaa hujenga presha. Ikichemka inakuwa nyepesi, inapenya ndani kwa ndani mahali palipolika, na presha inashuka. Ndiyo maana jaribio la uani halikuonyeshi kitu.

Kwa hiyo: vuna mpunga halisi, muda usiopungua saa moja, tangi la mpunga likiwa limejaa au jukwaa likiwa na magunia. Kisha ipandishe kwenye mwinuko, isimamishe katikati, uiondoe tena, mbele na nyuma. Ikisita, au pampu ikianza kulia kwa sauti nyembamba, acha kwanza. Angalia oili yake: ikiwa nyeupe kama maziwa imeingia maji, ikinuka kuungua imeshachemka kupita kiasi.

Lakini usiikatae haraka. Mkanda unaotoka kwenye injini kwenda kwenye pampu ukilegea, au filta ikiziba, dalili zinafanana. Muuzaji naye atakwambia, "Ni mkanda tu huo." Vizuri, aufunge mpya hapohapo, na saa ianze upya. Shemeji yangu alifanya hivyo kwa mashine ya pili. Mkanda mpya ulifungwa, na baada ya saa moja mashine ikakwama palepale mteremkoni.

Ugumu ni kwamba bei hushuka mpunga ukishavunwa wote, wakati huna pa kuijaribia. Mimi napendelea mwisho wa mavuno, majaruba machache yakiwa bado yamesimama. Kama huna hata moja, iendeshe saa nzima ngoma ya kupura ikizunguka, kisha uipandishe na kuishusha kwenye mbao za Fuso mara kadhaa. Si sawa na shamba, kwa hiyo punguza bei unayokubali kulipa.

Hatua ya 5: Nyaraka na malipo. Linganisha namba ya injini na ya chasisi na zilizo kwenye karatasi. Uliza kama mashine iko kwenye dhamana ya mkopo, na jibu liandikwe kwenye hati ya mauziano mbele ya wakili. Lipa kupitia benki. Ikishapanda Fuso, shusha mdomo wa kukatia mpaka ulale juu ya mbao, weka magogo mbele na nyuma ya cheni, na uifunge pande zote nne.