Kusoma Matumizi ya RAM kwenye Linux kabla ya Kuamua Kwamba Imejaa

Msimamizi wa seva anayeandika amri ya `free -h` na kukuta safu ya `free` imebakiwa na megabaiti mia mbili tu kati ya gigabaiti 8 hushtuka, na wengi hukimbilia kuagiza RAM nyingine. Mara nyingi RAM haijaisha. Linux haipendi kumbukumbu ikae bure, kwa hiyo data ya kila faili linalosomwa kutoka diskini hubakizwa kwenye RAM, ili likihitajika tena lisomwe papo hapo. Akiba hiyo ndiyo kache, nayo huonekana chini ya `buff/cache`.

Safu ya kutegemea ni `available`. Makadirio haya yaliingizwa kwenye kerneli (kiini cha Linux) toleo la 3.14, mwaka 2014, nayo huonyesha kiasi ambacho programu mpya zinaweza kupewa bila mfumo kuanza kuhamishia data kwenye swapu, yaani sehemu ya diski inayotumika kuisaidia RAM. Usijumlishe `free` na `buff/cache` kama maelekezo ya zamani yanavyosema, kwa kuwa baadhi ya vilivyohesabiwa humo, hasa mafaili ya tmpfs (yanayohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe), haviwezi kutupwa hivi hivi.

Ukitaka kujionea, chukua faili kubwa ambalo halijafunguliwa tangu kompyuta iwashwe, na lisilozidi kiasi cha `available`, kisha andika amri hii mara mbili mfululizo:

`time cat faili.iso > /dev/null`

Linganisha mistari ya `real`: mara ya pili muda hupungua sana, hasa kwenye diski ya kuzunguka, kwa sababu diski haikuguswa tena. Rudia `free -h` na utaona `free` imeshuka, `buff/cache` imepanda, ilhali `available` haikusogea sana. Programu ikihitaji nafasi, kerneli huziachia kurasa za kache (vipande vya kumbukumbu vilivyoibeba) mara moja. Zile tu zenye mabadiliko ambayo hayajaandikwa diskini ndizo huandikwa kwanza.

Wapo wanaopanga kwenye cron (kiendesha amri kwa ratiba) amri ya kufuta kache kila saa:

`sync; echo 3 | sudo tee /proc/sys/vm/drop_caches`

Kwa maoni yangu, huko ni kuitesa diski bure, kwani mafaili yaleyale yatasomwa upya dakika chache baadaye. Amri hii inafaa unapopima kasi ya diski na hutaki kache ikudanganye.

Upungufu wa kweli una dalili zake. `available` hukaribia sifuri, safu za `si` na `so` (data inayotoka na kuingia kwenye swapu) katika `vmstat 1` huendelea kuonyesha namba kubwa, na `dmesg`, amri ya kusoma ujumbe wa kerneli, huweza kutaja `Out of memory` pamoja na jina la programu iliyouawa. Hapo ndipo utumie `ps aux --sort=-%mem | head` kumtafuta mlaji, na ikiwa mzigo wake ni halali, ndipo uongeze RAM.