Jinsi ya kuandaa tamasha la hisani kwa watoto walio katika malezi ya kambo

Mama mmoja mlezi wa kambo, yaani anayelea kwa muda watoto wasio wake waliokabidhiwa kwake na ofisi ya ustawi wa jamii, aliniomba nimwandikie hatua hizi baada ya kukaa naye jioni tatu tukipanga tamasha lake la kwanza. Naziweka hapa kwa mwingine atakayezihitaji.

1. Taja kitu kimoja ambacho fedha itanunua. "Kusaidia watoto" haitoshi. Wako watoto wanaohamishiwa kwa walezi wapya huku nguo zao zikiwa kwenye mifuko ya takataka. Begi imara kwa kila mtoto ni lengo ambalo mnunuzi wa tiketi analielewa papo hapo. Kuna pia vijana wanaofikisha miaka 18, malezi yakakoma, nao wanaanza maisha bila godoro wala sufuria.

2. Kamilisha habari za akaunti na kodi kabla ya tangazo la kwanza. Agosti 1, 1971, wanamuziki George Harrison na Ravi Shankar walifanya tamasha kubwa mjini New York kwa ajili ya wakimbizi wa Bangladesh. Msamaha wa kodi haukuombwa mapema, na fedha nyingi za albamu ya tamasha hilo zikakwama kwa miaka. Fedha iingie moja kwa moja kwa shirika lililosajiliwa, kamwe isipitie simu ya mtu.

3. Ukumbi, wasanii, vyombo. Wasanii watatu wanatosha. Chukua maikrofoni za waya. Omba kibali cha hakimiliki za nyimbo hata kama hakuna anayelipwa.

4. Picha na majina ya watoto. Hapa usiharakishe.

Katika tamasha langu la pili tulichapisha bango lenye picha ya msichana anayetabasamu. Mlezi wake alikubali kwa moyo mweupe. Siku mbili baadaye afisa wa ustawi wa jamii akanipigia: mtoto yule alikuwa amefichwa asijulikane anakoishi. Tulizunguka usiku kucha tukibandua mabango, na zile picha zilizokwisha kusambazwa kwenye simu hatukuweza kuzirudisha.

Nilichojifunza ni kwamba mlezi wa kambo mara nyingi hana mamlaka ya kisheria ya kuruhusu picha ya mtoto ichapishwe. Mamlaka hayo yanaweza kuwa kwa ofisi ya ustawi, mahakama au mzazi aliyemzaa. Uliza kwa maandishi, usubiri jibu kwa maandishi. Na hata kibali kikipatikana, muulize mtoto mwenyewe. Akisita, jibu ni hapana. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 16, unalinda faragha yake kama ya kwako inavyolindwa.

Kuficha uso hakutoshi. Sare ya shule inamtaja, mlango wa nyumba unamtaja, na faili ya picha yenyewe huweza kubeba mahali ilipopigwa. Mimi sasa natumia michoro tu, au picha ya vyombo vya muziki. Wapo wanaosema bila nyuso watu hawatoi. Sikubaliani nao: tiketi zetu ziliuzwa vizuri tu kwa picha ya gitaa.

Ukumbini ni vilevile. Familia za walezi zipewe tiketi za kawaida, zikae popote. Msiwavalishe watoto fulana za rangi moja, msiwatengee safu. Mtoto anayetaka kuimba aimbe ndani ya kwaya iliyochanganyika. Kamera za matangazo ya moja kwa moja zielekezwe jukwaani pekee. Mshereheshaji apewe maandishi, na umwambie ana kwa ana: asimwite mtoto yeyote asimame aonwe, wala asisimulie yaliyomkuta. Anayetaka ushuhuda amwalike mtu mzima aliyelelewa hivyo utotoni, aliyejitolea mwenyewe kuzungumza.

5. Siku yenyewe. Jaribuni sauti mapema. Tengeni chumba tulivu, chenye mtu mzima aliyekwisha kuchunguzwa na ofisi ya ustawi, kwa mtoto atakayelemewa na kelele.

6. Hesabu. Watu wawili wahesabu vishina vya tiketi na fedha usiku uleule, wote watie sahihi. Gharama zikatwe waziwazi. Kama tiketi ilisema "mapato yote", basi gharama zilipwe na mfadhili. Ndani ya mwezi mmoja watumie walionunua taarifa: kiasi kilichopatikana, mabegi yaliyonunuliwa, na picha ya mabegi hayo yakiwa yamepangwa sakafuni, kabla hayajakabidhiwa.