Shamba la bibi halina karatasi? Fanya hivi kabla hujakuta vigingi

Tanga tunasema waja leo waondoka leo, ila hawa wanaotafuta ardhi, wanaokuja kuulizia "upande ule wa baharini wa nani" hao hawaondoki jamani. Mimi nimejifunzia kwenye shamba la bibi yetu, ekari saba za minazi na mikorosho njia ya Pangani, tumezika humo watu wanne, siku hiyo baba mdogo ananipigia simu anasema kuna vigingi vimepigwa mpaka karibu na makaburi. Tumehangaika karibu mwaka mzima. Naandika nilivyoelewa, mwenye shamba la urithi kijijini aanze sasa hivi.

Kwanza tuelewane kwenye hili la "sisi wenyeji, wao wamekuja". Najua linauma. Na lina msingi wake, kuna Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 la haki za watu wa asili, kifungu cha 26 kinataja haki ya ardhi ya jadi na Tanzania ilipiga kura ya ndio, halafu Waogiek wa Kenya walishinda kesi ya msitu wa Mau pale Mahakama ya Afrika Arusha 2017. Ila serikali yetu msimamo wake Waafrika wote hapa ni wenyeji, kwahiyo Mdigo au Mzigua au Mbondei akisimama barazani na hoja ya uasili tu atasikilizwa kwa adabu, ataambiwa asante mzee, basi. Silaha yako ipo kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999. Hiyo inasema hakimiliki ya kimila, yaani haki ya ardhi ya kijijini, ina hadhi sawasawa na ile hati ya mjini. Tena haki unayo hata kabla ya karatasi, Mahakama ya Rufani ilishasema 1994 kwenye kesi ya Akonaay kwamba ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na katiba. Karatasi yenyewe inakupunguzia kubishana tu, ila kubishana kwenyewe ndo kunakomaliza watu.

Sasa ulizia, shamba lipo kijiji au mtaa? Kama ni mtaa ndani ya Jiji haya mengine hayakuhusu, nenda ofisi ya ardhi ya jiji. Kama ni kijiji muulize mtendaji mambo mawili, kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji, na mpango wa matumizi ya ardhi upo? Akizungushazunguka mbane kwenye mkutano mkuu, ule unatakiwa kila miezi mitatu, usimbane ofisini peke yako.

Kazi ipo kwenye mipaka. Sisi tulienda asubuhi na mapema na wazee watatu na majirani wote wanaopakana nasi. Mzee mmoja anasema mpaka ni mkorosho pacha, mkorosho wenyewe ulianguka mvua za Elinino, tukabaki tunapekua majani kama kuku mpaka tukakiona kisiki kimeliwa na mchwa nusu. Upande mwingine afadhali, kuna ua wa minyaa bibi alioupanda mwenyewe. Kila kona tukapiga picha mtu amesimama pale, tukachukua na lokesheni ya simu, jioni tukaandika yote kwenye karatasi moja, majirani wakasaini na asiyejua kusoma akaweka dole gumba. Jirani asiyetokea siku hiyo mfuate kwake jioni hiyohiyo maana ndo huyo atakayekuja kudai hatua tano baadae. Na makaburi yahesabu, yapige picha.

Baada ya hapo ndo fomu ya maombi ya hati ya hakimiliki ya kimila kwa mtendaji. Ikiwa mnaomba kama familia wasaini angalau wawili wa familia. Kwetu hapa mjomba akaanza, ooh mila yetu mwanamke harithi ardhi, shangazi akamjibu wewe ulikuwa Dar mi ndo nachuma hizi nazi. Sheria ipo upande wa shangazi, mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Halmashauri ya kijiji inatakiwa itoe jibu ndani ya siku 90, kwahiyo hakikisha kopi yako ina tarehe ya kupokelewa na muhuri. Ukitoa hela dai risiti, hata buku mbili.

Ule uchafu wa vigingi sasa. Tuliomba kuona muhtasari wa mkutano uliopitisha ardhi yetu igawiwe, maana halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Wakatutolea, umechapwa vizuri, na orodha ya mahudhurio nyuma. Naisoma nakuta jina la babu mkubwa, amesaini kwa peni. Babu hakujua kusoma, alikuwa anaweka dole gumba, na tarehe ile alishafariki! Kumbe majina yamenakiliwa kutoka orodha ya kikao cha zamani cha kisima. Kwahiyo muhtasari usome kuanzia nyuma.

Mgeni asiye raia hawezi kununua ardhi ya kijiji, lazima ihamishwe kwanza iwe ardhi ya jumla, yaani ile isiyo ya kijiji wala hifadhi, na ikishahama kijiji hakina tena mamlaka nayo. Ikizidi hekta 250 anaamua waziri baada ya kusikia mkutano mkuu unasemaje, chini ya hapo mkutano mkuu wenyewe ndo unakubali au unakataa. Ikifika kwenye fidia hesabu minazi yako mwenyewe mmoja mmoja, usisaini fomu ya tathmini ina nafasi tupu hata kama mthamini ana haraka.

Wa baharini kama sisi, mita 60 kutoka ufukweni hairuhusiwi shughuli ya kudumu, na mikoko ni hifadhi ya serikali, msiiweke kwenye maombi mtajiharibia.

Mkishindwana anzeni baraza la ardhi la kijiji, lina watu saba na watatu lazima wanawake. Baraza la kata tangu 2021 linasuluhisha tu halitoi hukumu, siku 30 zikipita bila suluhu nenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Usikae kimya miaka, ikifika 12 kesi ya kudai ardhi inakufa.

Vigingi vyetu viling'olewa, mwenyekiti mwenyewe alikuwepo. Hati anayo shangazi, kaiweka kwenye ndoo ya mchele, anasema mwizi hawezi kufikiria pale. Kopi ipo masijala ya kijiji na nyingine ninayo mimi.