Namna ya Kuandaa Taarifa ya Eneo Lenye Dalili za Shaba

Anza na mwamba wenyewe kabla ya kufungua majalada, kwa sababu anayesoma kwanza maelezo ya waliomtangulia huishia kuyaona yale aliyoyasoma. Kijani cha malakiti na buluu ya azuriti huonekana kwa mbali, lakini madini hayo hutokea pale sulfidi za shaba (madini ya shaba na salfa) zinapooza kwa maji na hewa, na shaba iliyoyeyuka katika maji hayo huweza kupenya kwenye nyufa hadi kwenye mwamba usiohusiana kabisa na chanzo chake. Kwa hiyo vunja jiwe mpaka upate uso mbichi. Malakiti hutoa povu ukiidondoshea asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Kalkopiriti, sulfidi ya shaba na chuma yenye manjano ya shaba nyeupe (brasi) inayowadanganya wengi wakadhani ni dhahabu, huacha unga mweusi wa kijani ikisuguliwa kwenye kigae kisicho na vanishi, wakati dhahabu huacha alama ya manjano.

Eleza kisha umbo la mbale, yaani mwamba wenye madini yanayotafutwa: je, ni mshipa, ni tabaka linalofuata miamba ya mashapo, au ni punje zilizotawanyika katika mwamba wa moto, yaani uliotokana na magma iliyoganda? Jambo hili lina uzito kuliko kiwango cha shaba katika jiwe moja, kwani punje zilizotawanyika zenye shaba chini ya asilimia 1 zimelisha migodi mikubwa, ilhali mshipa mnono unaweza kukatika baada ya mita chache. Usiihukumu mbale kwa yanayoonekana juu ya ardhi peke yake. Maji huchuja shaba kutoka juu na kuirundika karibu na usawa wa maji ya ardhini kama kalkositi, sulfidi ambayo ina shaba takriban asilimia 80, dhidi ya 34.6 ya kalkopiriti. Escondida, hazina kubwa ya shaba nchini Chile, iligunduliwa mwaka 1981 kwa kuchoronga chini ya mwamba uliokwisha kuchujwa namna hiyo.

Historia ya utafutaji ipange kwa miaka, na kwa kila awamu utaje mbinu, kina kilichofikiwa na sababu ya kusimama. Kampuni iliyoondoka kwa kuporomoka kwa bei haijathibitisha kwamba eneo ni tupu. Sampuli za kuokota zitenge na zile zilizochukuliwa mfululizo kukatisha mbale, kwa kuwa mwokotaji, hata akiwa mwaminifu, huinama kwenye jiwe linalong'aa. Urefu wa mbale kwenye shimo la kuchoronga nao si unene wake: shimo likilikata tabaka kwa nyuzi 30, mita 10 zilizoripotiwa ni mita 5 tu za unene halisi.

Majira-nukta (namba za kuonyesha mahali) ya ramani za zamani yahakiki uwandani, kwani mfumo wa rejea ukitofautiana na wa kifaa chako cha GPS, shimo huweza kuonekana mamia ya mita mbali na lilipo.