Kusomea migogoro na usalama kwa masafa ukiwa Sondu

Ukisema Sondu kwamba unasomea migogoro, utachekwa. Watakuuliza isomewe ya nini na huku iko bure. Mimi nina duka la mbegu na dawa za mifugo, niko kwenye kamati ya amani ya mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho hapa Kenya, ambapo soko letu la Sondu liko, na jioni ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya chuo cha Uingereza. Kwa anayefikiria njia hiyo hiyo, haya ndiyo ya kuangalia.

Kabla ya kutuma maombi, pakua ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2011 kuhusu migogoro, usalama na maendeleo. Ni ya bure. Soma sura ya kwanza polepole. Ikikuchosha, bora ujue sasa kabla hujalipa karo, kwa sababu kozi yenyewe ni kusoma vitu vya aina hiyo kila wiki.

Jina la kozi lisikutoshe. Fungua orodha ya moduli uone kama kuna somo la mageuzi ya polisi na jeshi, kama tasnifu inaweza kuhusu eneo lako, na kama kuna mtihani wa kukaa ukumbini. Uliza pia kama unaweza kulipa moduli kwa moduli. Tume ya Ufadhili wa Masomo ya Jumuiya ya Madola, ya Uingereza, hufadhili uzamili wa masafa, lakini kwa kozi zilizo kwenye orodha yake tu, kwa hiyo anza na orodha ndipo uchague kozi. Kuhusu kutambuliwa kwa cheti, iandikie Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu hapa nchini mapema, sio siku ya kutafuta kazi. Na kama unajua huwezi kusoma bila kumwona mwalimu, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro pale Kakamega wanafundisha amani na migogoro. Matatu itakutosha.

Sasa saa, jambo ambalo hakuna anayekuambia. Uingereza hubadilisha saa zake Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Januari tuko mbele yao kwa saa 3, Juni kwa saa 2. Semina yao ya saa kumi na mbili jioni inatufikia saa tatu usiku Januari na saa mbili Juni. Insha inayotakiwa kabla ya saa sita usiku kwao, Januari ni saa tisa usiku kwetu. Usiizoee hiyo saa tisa. Stima ya huku hupotea mvua ikianza kunong'ona tu. Mimi hutuma insha mchana, nikiwa dukani, na nakala nyingine iko kwenye simu. Makala za wiki nazipakua zote kwa mkupuo bando likiwa na nguvu, kisha nasoma bila mtandao.

Kwenye kusoma kwenyewe, tuna kitu ambacho mwenzako wa Leeds hana. Johan Galtung, mtafiti wa amani wa Norway, aliandika mwaka 1969 kwamba kuna amani hasi, yaani watu hawapigani, na amani chanya, yaani dhuluma inayowapiganisha imeondolewa. Ukiisoma hiyo ukiwa Sondu huhitaji mfano wa kitabuni. Baada ya mapigano ya pande mbili za mpaka, GSU, askari wa kutuliza ghasia, wanapiga kambi, soko linafunguliwa, mama wa omena anapanga vikombe vyake. Angalia amepanga wapi. Kila mtu ametandika gunia upande wa kwao, na anayevuka kununua viazi anavuka mapema na kurudi mapema. Hiyo ndiyo amani hasi, na unaweza kuiandikia aya tatu nzuri.

Lakini usiiandike kama kisa. Walimu hawa hawataki kusimuliwa, wanataka msimamo wenye ushahidi. Insha inayosema "ni ukabila" na kuishia hapo itakupa alama za huruma. Uliza nani anakusanya ushuru wa soko, mpaka wa kaunti unapita wapi, na kwa nini mambo huchemka karibu na uchaguzi. Kwa ushahidi, anza na ripoti za tume zetu wenyewe: Akiwumi kuhusu mapigano ya miaka ya 1990, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013, na Waki ya 2008 kuhusu vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007. Waki alihesabu waliokufa 1,133, na 405 kati yao ni kwa risasi. Takwimu hiyo ya pili peke yake inaibua swali zima la polisi, na sisi wa Kisumu tunalijua vizuri.

Ukitumia takwimu za nje, jua zinahesabu nini. Mradi wa takwimu za migogoro wa Chuo Kikuu cha Uppsala huko Uswidi hauhesabu mgogoro wa silaha mpaka wafe watu 25 kwenye mapigano ndani ya mwaka mmoja. Vurugu zetu za kuua wawili watatu zinaweza kupita bila kuonekana. ACLED, hifadhidata nyingine ya migogoro, hurekodi tukio moja moja, hata kama hakuna aliyekufa. Ukiandika kuhusu mpaka mdogo kama wetu, anzia ACLED.

Tasnifu ikifika, kibali cha maadili cha chuo hakitoshi. Utafiti ndani ya Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na ukishaipata unajitambulisha kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Kama wahojiwa wako wako Kisumu na Kericho, basi ofisi ni za pande zote mbili. Chifu naye mwambie, hata kama hakuna karatasi inayodai hivyo.

Majina ya watu yalindwe. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inakuhusu, lakini hata bila sheria, daftari lenye jina la aliyekutajia mchomaji wa duka ni hatari kwake na kwako. Mpe kila mhojiwa herufi na namba, usitaje kijiji, na orodha inayounganisha namba na majina isikae dukani wala kwenye simu ambayo watoto wanachezea. Na usimrekodi mtu kwenye boda au hotelini, hata akikubali. Wenye masikio ni wengi.